Pasaka ya ukoo Dar es Salaam: mwongozo kamili wa siku nne

Kila Pasaka inapopita, wasomaji huleta malalamiko yanayofanana. Pilau imeiva saa kumi na moja jioni, wageni wameshaanza kuaga. Watoto wamekaa ndani ya Kosta kwenye foleni ya Mwenge mpaka jua likazama, ufukwe wakauona kwa taa za magari. Mvua imekatisha karamu ya uani, na turubai hakuna. Mwingine amepotelewa na mtoto wa dada yake kwenye umati, akazunguka huku analia.

Ukiyachambua malalamiko haya, mengi yana chanzo kimoja. Watu wanataka kanisa, karamu na matembezi viingie vyote Jumapili. Katika jiji lenye foleni na mvua za masika, jambo hilo haliwezekani. Lakini sikukuu yenyewe ina siku nne: Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko kwa mujibu wa sheria Tanzania, na katikati yake kuna wikiendi. Kila jambo lipewe siku yake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa familia ya watu 25 hivi, wazima 15 na watoto 10, wanaokutana kwenye nyumba moja yenye ua. Kama mko wengi au wachache, vipimo vizidishe au upunguze. Mpangilio ubaki ulivyo.

## Mahitaji

Kusanya haya kabla ya wiki ya Pasaka. Vitu vya kukodi vilipiwe mapema, kwa sababu wiki hiyo kila mtaa una sherehe.

- Turubai moja kubwa na kamba zake, hata kama anga ni jeupe
- Viti 25, meza mbili, mikeka mitatu ya watoto
- Sufuria moja kubwa la pilau lenye mfuniko mzito, na mawili ya kati
- Majiko mawili ya mkaa, gunia dogo la mkaa, jiko la gesi la akiba
- Hotpoti nne, masinia mapana matatu
- Ndoo mbili zenye koki za kunawia, sabuni, taulo
- Deli la barafu, maji ya kunywa ya kutosha lita mbili kwa kila mtu mzima
- Taa za kuchaji, kwa ajili ya umeme kukatika
- Kalamu ya wino usiofutika haraka, kwa kuandika namba ya simu mikononi mwa watoto
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, ORS ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha

Chakula kina orodha yake katika hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Soma kalenda, mwezi na mvua (wiki sita kabla)

Pasaka huhama. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, hivyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 ni 28 Machi, mwaka 2028 ni 16 Aprili, mwaka 2029 ni 1 Aprili. Ikiwa mapema Aprili, tazama pia kama Siku ya Karume ya tarehe 7 imeungana nayo. Ikiwa mwishoni, tazama Muungano, tarehe 26. Siku moja ya ziada inaweza kumruhusu shangazi wa Iringa asafiri bila kuomba ruhusa kazini.

Tarehe hizo zote ziko ndani ya masika. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Dar es Salaam. Kwa hiyo usipange kwa kuomba isinyeshe. Panga ukijua itanyesha, ikiacha ni neema. Kuanzia siku tano kabla, fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi.

Jambo la mwezi watu wengi hawalifikirii, nalo ndilo linaloamua ufukwe utakuwaje. Kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi mpevu, mara nyingine huangukia kwenye bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi, kisha kila siku muda huo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Maana yake ni kwamba Pasaka ikiwa karibu na mwezi mpevu, jioni ile ambayo jiji zima linamiminika ufukweni, bahari nayo inapanda na mchanga unapungua. Mwaka 2027 mambo yatakuwa mepesi zaidi: mwezi mpevu ni 22 Machi, wiki nzima kabla ya Jumatatu ya Pasaka, hivyo maji yatakuwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na karatasi moja ukutani yenye tarehe, saa za maji kujaa na kupwa kwa Jumatatu, na mpango wa pili endapo mvua itanyesha.

## Hatua ya 2: Kikao, majukumu na michango (wiki nne kabla)

Iteni kikao kifupi, cha ana kwa ana au cha simu. Ajenda ziwe tatu tu: nani anapokea wageni nyumbani kwake, nani anasimamia nini, na kila kaya inatoa kiasi gani.

Wasimamizi wanatosha wanne: wa fedha, wa jikoni, wa usafiri na wa watoto. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika kila mwaka, na ndiye namba moja kwa umuhimu. Awe mtu mzima mwenye sauti, asiyetumwa jikoni hata mara moja.

Kuhusu michango, usigawe sawa kwa kila kichwa. Kijana aliyemaliza chuo juzi na bado anatafuta kazi hawezi kutoa sawa na baba mkubwa mwenye duka Kariakoo, na ukimlazimisha hatakuja kabisa. Gawa kwa kaya na kwa uwezo, na uruhusu mchango wa vitu. Anayetoka Mbeya alete mchele, anayetoka Lushoto alete mboga na matunda, asiye na fedha atoe mikono yake Jumamosi nzima. Fedha zote ziende kwa mtu mmoja kwa simu, na orodha ya waliotoa iwekwe kwenye kundi la ukoo kila Ijumaa.

Angalizo: Weka siku ya mwisho ya kuchanga iwe Jumapili ya Matawi. Fedha inayokuja baada ya hapo ihesabiwe kuwa akiba, usiipangie manunuzi. Karamu nyingi zinazokwama zimekwama kwa sababu mtu aliahidi kilo tano za nyama Jumamosi usiku.

## Hatua ya 3: Wageni wa mikoani

Wazee wafike Jumatano au Alhamisi Kuu asubuhi, wasifike Ijumaa. Mabasi ya mikoani mengi hushusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka pale mpaka Kigamboni au Mbagala ni safari nyingine. Bibi aliyekaa kwenye basi toka alfajiri hawezi kuongezewa foleni ya jioni ya mkesha wa sikukuu.

Wanaotoka Dodoma na Morogoro wana treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Kwa mzee mwenye miguu ya kuvimba, treni ni bora kuliko basi: anaweza kusimama, kutembea kidogo na kwenda msalani. Tiketi zikatwe mapema, na kila msafiri awe na kitambulisho.

Panga malazi kwa jina, usiseme “tutabanana tu.” Andika nani analala chumba kipi, na chandarua kipo wapi. Mvua za masika huja na mbu.

## Hatua ya 4: Alhamisi Kuu, manunuzi yote yakamilike

Nunua vikavu Jumatatu hadi Jumatano, vibichi Alhamisi. Ijumaa usiende sokoni ila kwa dharura. Bei hupanda na foleni ya Kariakoo siku hizo humaliza nguvu ya mtu kabla sikukuu haijaanza.

Kwa watu 25, vipimo hivi vinatosha na kubakiza kidogo:

- Mchele kilo 4 kwa pilau. Kilo moja hushibisha watu wazima sita hadi saba wakiwa na vyakula vingine
- Nyama ya mbuzi au ng'ombe kilo 4 kwa pilau
- Kuku wanne, wakubwa
- Viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji kilo 3, nyanya kilo 3
- Kitunguu swaumu na tangawizi, robo kilo kila kimoja
- Bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga
- Mafuta ya kupikia lita 2
- Matikiti maji mawili, ndizi mbivu, nanasi, maembe kama yapo
- Samaki na maharage ya Ijumaa Kuu
- Mayai trei moja

Mkinunua mbuzi mzima mnadani Pugu, kumbukeni nyama ni kama nusu ya uzito wa mnyama hai, mara nyingi hata pungufu. Mbuzi wa kilo 25 hawezi kuwapa kilo 20 za nyama.

Achinjwe na Mwislamu. Familia nyingi za Dar zina shemeji, wakwe na majirani Waislamu, na mbuzi akichinjwa hivyo sufuria moja inakula nyumba nzima. Kitimoto kama kipo, kipikwe kwa vyombo vyake, mbali na jiko kuu, na watu waambiwe wazi kipo wapi. Hili ni suala la heshima, wala halihitaji mjadala kikaoni.

Samaki wa Ijumaa wafuate Feri Alhamisi alfajiri. Macho yawe angavu, mashavu mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Wapeleke nyumbani ndani ya deli lenye barafu, usiwabebe kwenye mfuko wa daladala.

## Hatua ya 5: Ijumaa Kuu, acheni nyumba itulie

Siku hii haina karamu. Kwa Wakatoliki ni siku ya kufunga kwa wenye miaka 18 hadi 59, na ya kutokula nyama kuanzia miaka 14. Ibada kuu ni saa tisa alasiri, na asubuhi parokia nyingi hufanya Njia ya Msalaba yenye vituo 14, nyingine zikipita barabarani. Walutheri, Waanglikana na Wamoravian nao wana ibada zao. Ukoo wenye madhehebu tofauti usilazimishane. Kila mmoja aende kwake, mkutane mezani jioni.

Watoto wadogo wanaweza kufuata Njia ya Msalaba wakitembea, wakivaa kofia na kubeba maji. Mtoto anayeona watu wakipiga magoti kwenye lami ya mtaa wake hukumbuka jambo lile miaka mingi. Mweleze kila kituo kwa sentensi moja njiani, usisubiri mfike nyumbani.

Muziki wa sauti kubwa uzimwe. Jioni mle samaki, maharage na ugali, mlale mapema.

## Hatua ya 6: Jumamosi, kazi zote za mikono na mkesha

Asubuhi fungeni turubai, pangeni viti, chambueni mchele mtoe mawe na chuya, menyeni vitunguu swaumu, twangeni viungo. Kila kinachoweza kufanywa leo kifanywe leo. Lengo ni Jumapili jikoni kubaki kazi ya moto tu.

Nyama iliyolipiwa Alhamisi ichukuliwe bucha, au mbuzi achinjwe, alasiri. Ichemsheni na chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu mpaka ikaribie kuiva, muitandaze kwenye sinia pana ipoe haraka, kisha iingie kwenye friji pamoja na supu yake. Msiiache nzima kwenye sufuria la moto usiku kucha: katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu vya kuharisha huzaliana.

Watoto wapeni mayai. Yachemsheni taratibu pamoja na maganda makavu ya vitunguu, na yatatoka na rangi ya kahawia yenye wekundu. Ukifunga jani dogo juu ya yai kwa kitambaa chepesi kabla ya kuchemsha, alama yake itabaki. Kazi hii huwashughulisha asubuhi nzima bila kununua rangi wala kuwasha runinga.

Baada ya chakula cha mchana, kila mtoto atakayekwenda mkesha alale. Msiliruke hili. Mkesha wa Pasaka katika kanisa Katoliki ni ibada ndefu: huanza baada ya giza kuingia, nje, kwa kubariki moto, mshumaa wa Pasaka huingizwa kanisani taa zikiwa zimezimwa, huimbwa Mbiu ya Pasaka, masomo yanaweza kufika tisa, mara nyingi kuna ubatizo wa watu wazima. Mtoto aliyelala mchana huona moto, giza na kengele zikilia kwenye wimbo wa Utukufu, akashangaa. Asiyelala hulia toka somo la pili.

Fikeni saa nzima kabla. Mkienda Mtakatifu Yosefu pale mbele ya bandari, au Azania Front kwa Jumapili asubuhi, acheni gari mbali kidogo na mtembee, au tumieni mwendokasi unaoishia Kivukoni. Makanisa yote mawili yapo pwani ileile ya mjini, na sehemu za kuegesha hujaa mapema.

Angalizo la mishumaa: vitenge vyenye nyuzi laini, nywele za rasta na mapambo ya watoto hushika moto upesi. Mtoto chini ya miaka saba ashikiwe mshumaa na mtu mzima. Kila mshumaa uwe na karatasi ya kuzuia nta isimwagike mkononi.

## Hatua ya 7: Jumapili, pilau iive saa saba

Gawaneni. Waliokwenda mkesha wanabaki na jikoni asubuhi. Wengine wanakwenda ibada ya kwanza au ya pili. Kwa utaratibu huu hakuna anayekosa ibada, na hakuna mpishi anayefika kutoka kanisani saa sita akikuta moto haujawashwa.

Saa mbili na nusu asubuhi. Loweka mchele uliooshwa kwa nusu saa. Washa mkaa nje, chini ya kibanda au pembeni mwa turubai.

Saa tatu na nusu. Mimina mafuta kwenye sufuria kubwa, weka vitunguu vingi vilivyokatwa vyembamba. Hapa ndipo pilau nyingi huharibika. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu, na vitunguu vya kilo mbili havikauki kwa dakika kumi. Vigeuze kwa subira mpaka viwe kahawia iliyokolea vyote, bila kuungua. Vikiwa vyeupe, pilau itakuwa nyeupe. Vikiungua, itakuwa chungu na hakuna dawa yake.

Weka kitunguu swaumu na tangawizi, kisha viungo. Acha vinukie dakika mbili. Ongeza nyama, geuza ishike viungo, halafu viazi.

Saa nne na nusu. Mimina supu na maji. Kwa kila kikombe cha mchele weka kikombe kimoja na nusu mpaka viwili. Mchele mpya hunywa maji kidogo, wa zamani hunywa zaidi. Muulize aliyeuleta umevunwa lini. Yakichemka, onja: chumvi ionekane imezidi kidogo, kwa sababu mchele utaimeza. Weka mchele, geuza mara moja, funika.

Maji yakikaribia kukauka, punguza moto wa chini, weka makaa juu ya mfuniko. Acha dakika 20 hadi 30. Usifunue kila mara.

Pilau imefanikiwa ukiona punje zimeachana, viazi vimeiva bila kumong'onyoka, na ukikwangua chini ukoko ni wa kahawia, si mweusi. Ikiwa juu bado mbichi na maji yamekwisha, nyunyiza maji ya moto kikombe kimoja, funika tena. Maji ya baridi usiweke.

Angalizo kubwa: mvua ikianza, usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba wala kwenye kibaraza kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakidhani wamelala. Hamia kwenye gesi, au sogeza turubai. Kwa ajali ya moto, namba ya Zimamoto ni 114.

Kuku wachomwe wakati pilau imepaliwa. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, dakika 15 kabla ya kula.

## Hatua ya 8: Mezani, kwa jirani na kwenye simu

Kabla ya mtu yeyote kukaa, pakua sahani za majirani. Mtoto mmoja wa kike na mmoja wa kiume wapeleke, wakiwa wamevaa nguo zao za sikukuu, wakabishe hodi na kusubiri kuitikiwa. Jirani Mwislamu aliyewaletea biriani siku ya Idi apokee yenu ikiwa ya moto, asiletewe makombo ya saa mbili usiku.

Babu au mkubwa wa ukoo aombee chakula. Mpeni na dakika tano za kuwataja waliotutoka mwaka huo. Watoto wale kwanza, kwenye mikeka, wakisimamiwa, wazee wafuate, vijana mwisho.

Chakula kisikae wazi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kisikae zaidi ya saa moja. Kinachobaki kiingie hotpoti kikiwa cha moto au friji kikiwa kimepozwa.

Ndugu walio nje ya nchi wapangieni saa maalumu ya kupiga simu ya video, baada ya kula na kabla wazee hawajalala. Muscat wako saa moja mbele yetu. Kwa walioko London na miji ya Ulaya kuweni makini: huko husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka 2027 Jumapili hiyo ndiyo Pasaka yenyewe. London itatoka kuwa nyuma yetu kwa saa tatu na kuwa nyuma kwa saa mbili usiku uleule. Wakumbusheni siku moja kabla.

Alasiri kaeni nyumbani. Najua vijana watalalamika. Lakini barabara za kwenda Oysterbay, Kunduchi na kivuko cha Magogoni zinajaa wakati huohuo, na mtu aliyekesha na kupika hana nguvu ya kulinda mtoto majini. Huu ni muda wa michezo ya uani: kuficha mayai yale ya jana na kuyatafuta, kuvuta kamba, rede, bao kwa wazee. Bibi asimulie watoto Pasaka za kijijini. Wengine walikutana na binamu zao mara ya mwisho msibani, wapeni nafasi ya kukaa pamoja kwenye furaha.

## Hatua ya 9: Jumatatu, tokeni alfajiri

Kanuni ni hii: tokeni jiji likiwa limelala, rudini jiji linapotoka. Gari liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lirudi saa saba mchana.

Chagueni sehemu moja tu.

*Ufukwe.* Coco ni karibu na bure, na mihogo yake ya kukaanga watoto hawaisahau. Kigamboni kuna nafasi zaidi. Mkiwa na gari piteni Daraja la Nyerere kwa kulipia, msitegemee kivuko siku ya sikukuu. Maji yakiwa yamepwa, watoto wavae viatu, miamba ina ncha kali.

*Kisiwa cha Mbudya.* Boti huondoka Kunduchi. Nendeni kama bahari ni shwari tu, na kila mtu awe amevaa jaketi la kuokolea kabla boti haijang'oa nanga. Mwenye boti akisema majaketi “yapo chini ya kiti,” shukeni. Na mtoto asiye na jaketi la saizi yake abaki pwani na mtu mzima.

*Kijiji cha Makumbusho*, barabara ya Bagamoyo. Hapa kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kwa ukoo uliochanganya makabila hakuna mahali pazuri zaidi: mtafuteni nyumba ya kina babu wa upande wa baba, kisha ya upande wa mama.

*Bagamoyo.* Ni kama kilomita 70, mkitoka mapema ni mwendo mzuri. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao pale mwaka 1868, na ziara ya kanisa lao la kale inafaa siku ya Pasaka kuliko disko lolote.

Nikitaja disko: msimpeleke mtoto disko toto. Tangu watoto walipopoteza maisha kwenye ukumbi wa disko Tabora, siku ya Idi mwaka 2008, polisi wamekuwa wakilipiga marufuku sikukuu baada ya sikukuu. Ukumbi uliofungwa, wenye mlango mmoja na watoto mamia, ni hatari hata ukiwa na kibali.

Ulinzi wa watoto ufanyike hivi, bila kuacha hata kipengele kimoja:

1. Kabla ya kupanda gari, piga picha kila mtoto akiwa na nguo alizovaa. Ukiulizwa alivaa nini, utakuwa na jibu.
2. Andika namba ya simu ya mzazi upande wa ndani wa mkono wa mtoto, panapofunikwa na mkono wa shati. Jina usiandike, mtu mbaya akimwita kwa jina atamwamini.
3. Kila mtu mzima akabidhiwe watoto watatu, kwa majina, mbele ya wote. “Tutawaangalia wote” maana yake hakuna anayewaangalia.
4. Mkifika, waonyeshe mahali pa kukutania wakipotea: mti, duka, kibanda cha askari.
5. Majini, mtu mzima awe umbali wa mkono wake kutoka kwa mtoto. Aliyekunywa pombe hahesabiwi kuwa mlinzi.
6. Hesabuni watoto kila nusu saa na kabla ya gari kuondoka.

Mtoto asipoonekana, mmoja abaki mahali pa kukutania, wawili waelekee majini kwanza, wengine kwenye njia ya kutokea. Dakika chache zikipita, pigeni 112. Namba ya huduma kwa mtoto, 116, nayo ni bure.

## Hatua ya 10: Mvua ikikataa

Ikinyesha Jumatatu alfajiri, usiondoe gari kabla hujauliza hali ya Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro pale imekuwa ikifungwa na mwendokasi kusimama, na mtakwama upande msio wenu.

Mpango wa pili ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, penye paa. Watoto waonyesheni habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kama hata mjini hakufikiki, rudieni michezo ya ndani na mpike chapati kwa zamu, kila mtoto asukume ya kwake. Msivuke maji yanayotembea barabarani, kwa gari wala kwa miguu, hata kama daladala imepita mbele yenu.

## Hatua ya 11: Jumanne, vyombo na hesabu

Wageni wa mbali wasindikizwe na chakula cha njiani ambacho hakiharibiki upesi: chapati, mayai ya kuchemsha, matunda yasiyomenywa. Wali wa jana usiwafungie, basi lina joto na njia ni ndefu.

Vitu vya kukodi virudishwe kabla ya saa nne asubuhi, vikiwa vimehesabiwa mbele ya mwenye navyo. Kijiko kilichopotea kilipwe siku hiyohiyo.

Msimamizi wa fedha aweke kwenye kundi la ukoo hesabu kamili: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, pamoja na picha za risiti. Kilichobaki kisigawanywe. Kiwekwe kwa ajili ya kodi ya turubai na viti vya mwaka ujao, na mwenye turubai apewe tarehe ya Pasaka inayofuata akiwa bado anapakia viti vyake kwenye gari.